Nusumaisha ya dawa: nusu mbili hazifanyi kamili

Nusumaisha ya dawa ni muda unaopita hadi kiasi chake katika damu kipungue kwa nusu. Maana ni hiyo tu, na nisingeshika kalamu kama si kukuta tena, juma lililopita, kosa lile lile katika daftari la kliniki la mgonjwa aliyeachishwa amiodaroni, dawa ya kutuliza moyo unaokwenda mbio bila mpangilio. Mwenzangu alikuwa amepiga hesabu kwamba, kwa kuwa nusumaisha yake ni siku 58, ifikapo siku ya 116 dawa itakuwa “imeisha”.

Naona neno lenyewe ndilo linalotupoteza. Dhana hii imetoka katika fizikia: mwaka 1900, Ernest Rutherford, akiwa Montreal, Kanada, alionyesha kwamba mnururisho wa gesi itokayo katika thori, metali itoayo miale, hupungua nusu kwa kila dakika moja hivi, na kwamba dakika inayofuata huondoa nusu ya kilichobaki, si nusu ya kile cha mwanzo. Sisi tukaunga “nusu” na “maisha”, na Mswahili yeyote, anayejua tangu utotoni kuwa nusu mbili ni kitu kizima, akisikia hivyo hujumlisha. Lakini dawa haina siku ya kufa ambayo tungeweza kuigawa mara mbili. Laiti tungesema “muda wa kupungua nusu”! Hesabu inayofaa, kwa bahati, tunayo tayari katika lugha: siku ya 58 imebaki nusu, siku ya 116 robo, siku ya 174 thumni, na hata siku ya 290 kuna asilimia 3 hivi.

Siku 58 nazo ni wastani tu. Wapo wa siku 15 na wapo wanaopita 140, kwa sababu amiodaroni hujikusanya katika mafuta, ini na mapafu, kisha hurejea katika damu kidogo kidogo. Adenosini, ambayo pia hutuliza mbio za moyo, nusumaisha yake haifiki sekunde 10, ndiyo maana huchomwa mshipani kwa kasi na kufuatishiwa maji ya chumvi papo hapo, isije ikamalizika njiani.

Mgonjwa yule anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na robo ya amiodaroni iliyobaki bado huzuia ini kuivunja warfarini hiyo. Nilimchorea mwenzangu nusu, robo na thumni pembeni mwa ukurasa. Akafuta “imeisha”, akaandika “robo”, kisha akapanga tarehe nyingine ya kupima kuganda kwa damu.