Maana ya ulinganuzi na asili yake

Ulinganuzi ni kuweka vitu viwili au zaidi sambamba ili tofauti zao zijitokeze waziwazi. Wengi huulinganisha na kutofautisha tu, jambo ambalo kwa maoni yangu linaipunja dhana yenyewe, kwani anayelinganua hana budi kuonyesha kwanza ni wapi vitu vyake vinakutana.

Umbo la neno linathibitisha hilo. Kitenzi lingana kimepewa kiambishi -u- cha kutendua, kile kile kinachogeuza funga kuwa fungua na kunja kuwa kunjua. Na kama vile mtu asivyoweza kukunjua mkeka ambao haukukunjwa, ndivyo asivyoweza kulinganua vitu visivyolingana popote. Kontrasti, neno la wapiga picha lenye maana iyo hiyo ya ulinganuzi, limetokana na Kilatini: contra, yaani dhidi ya, na stare, yaani kusimama. Lilipitia Kiitaliano na Kifaransa, ambako wachoraji walilitumia kueleza namna rangi na mwanga vinavyokabiliana, ndipo likaingia Kiingereza katika karne ya 17.

Hapa Bagamoyo mfano haupo mbali. Magofu ya Kaole, yaliyo kilomita zipatazo 5 kusini mwa mji, na majumba ya Mji Mkongwe wa hapa hapa Bagamoyo, yote yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na watu wa pande zote mbili waliishi kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Huo ndio msingi wa pamoja. Juu yake sasa tunaweza kusema kwamba Kaole, ambayo msikiti wake wa kale hukadiriwa kuwa wa karne ya 13, inakumbukwa kwa makaburi yenye minara iliyopambwa kwa mabakuli ya kauri kutoka China, ilhali Mji Mkongwe, ambao sehemu kubwa yake ni ya karne ya 19, una milango ya kuchonga ya wafanyabiashara wa misafara ya bara, pamoja na majengo ya Wajerumani, ambao makao yao makuu yalikuwa hapa hadi 1891. Ukiiweka Kaole sambamba na stendi ya mabasi utapata orodha ndefu ya tofauti, lakini hutakuwa umelinganua chochote.

Wanaisimu ndio wanaoitumia dhana hii kwa ukali zaidi. Katika pata na bata, sauti za mwanzo zote hutamkwa kwa kufunga midomo na kuachia hewa ghafla. Kinachozitenganisha hasa ni mtetemo wa nyuzi za sauti, na mtetemo huo unatosha kubadili maana ya neno zima.