"Fundi, ni volti tano tu, mbona ledi zimeungua?"

Swali hilo nimeulizwa mara nne mwezi huu. Wa mwisho ni mwanachuo aliyeshuka na daladala kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kakumbatia boksi la plaiwudi: paneli ya chombo cha anga za juu, ya filamu fupi wanayopiga na wenzake. Rangi safi, swichi zimepangwa kwa rula. Ledi kumi na mbili, vile vitaa vidogo vya elektroniki, kaziunga moja kwa moja kwenye chaja ya simu. Kumi na moja zimekufa, ya kumi na mbili inanuka.

Wateja hawa wanaamini ledi ni sawa na balbu ya zamani: ipe volti ndogo, itajichukulia kiasi chake, na rezista, kile kijiti cha kubana mkondo, ni urembo wa walimu. Si kweli, jamani. Waya wa balbu ukipata moto ukinzani wake unapanda, kwa hiyo balbu inajizuia yenyewe. Ledi haina breki hiyo. Ikishafika volti yake (nyekundu kama 2, bluu na nyeupe kama 3), ongeza kidogo tu na mkondo unaruka, na ikipata joto inavuta zaidi. Ledi ya kawaida ya milimita 5 inataka miliampia 20 hivi. Hesabu ni ya darasani: toa 2 kwenye 5, inabaki 3, gawanya kwa 0.02, unapata omu 150 (omu ni kipimo cha ukinzani). Mimi naweka 330, yaani yenye mistari ya chungwa, chungwa, kahawia. Mkondo unashuka hadi kama miliampia 9 na jicho halilalamiki. Kamera ndiyo inafurahi kabisa, maana ledi kali kwenye video hutoka doa jeupe, rangi yote imepotea.

"Mbona kitochi changu cha betri ya kidonge hakina rezista?" Kwa sababu betri ile ni dhaifu, ukinzani ulio ndani yake ndio unaofanya kazi ya rezista. Chaja ya simu haina huruma hiyo.

Wajanja wanaweka rezista moja kwa ledi zote zilizoungwa sambamba. Hapo nyekundu inakunywa mkondo wote na bluu inabaki giza, kisha wananiletea bluu eti ni mbovu. Kila ledi na rezista yake! Wengine wanasema pini ya Arduino, kile kibao kidogo cha kuprogramu, inajilinda. Kwenye Arduino Uno R3 mwisho kabisa ni miliampia 40 kwa pini na 200 kwa zote pamoja. Ledi kumi na mbili za miliampia 20 zinafika 240. Ukitumia 330 zangu hufiki hata 120.

Na Arduino yenyewe si lazima. Aisi ya 555, chipu ya kupima muda, ipo tangu 1972. Rezista mbili na kapasita moja, taa inawaka na kuzima.

Betri ya volti 9 haina "nguvu zaidi". Ina akiba ya kama miliampia-saa 500 tu. Betri nne za AA zinakupa volti 6 na zinadumu mara kadhaa ya hapo.

Kuagiza swichi nje? Deki za DVD zilizokufa zimejaa vitufe, redio mbovu zina volyumu za kuzungusha. Fungua, safisha. Ila kwa vumbi letu la kiangazi hapa Dodoma, usiache volyumu ikiwa wazi nyuma ya paneli. Wiki mbili tu inaanza kukwaruza. Mimi nazifunika kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli.

Na wewe unayetaka taa "za kweli" za umeme wa ukutani ndani ya boksi la maigizo: volti 230 hazina kazi yoyote pale. Aliyeniletea la namna hiyo nilimrudishia waya wa plagi umekatwa, na hela sikumdai.