Mihadhara ya Wazi ya Utafiti wa Misitu: Kibati Kwenye Mti Si Alama ya Kuchukuliwa Shamba

Malalamiko kwamba watafiti huingia msituni, hupima miti na kuondoka bila kurudisha majibu yameongezeka katika vijiji vinavyopakana na misitu ya Usambara Mashariki, na kwa sehemu kubwa yana msingi, kwa kuwa ripoti nyingi huandikwa kwa Kiingereza na kuishia maktaba. Kwa sababu hiyo tumeanza kutoa mihadhara ya wazi mkoani Tanga kwa kamati za maliasili za vijiji, wavunaji, wapasua mbao, wachoma mkaa na wenye vitalu vya miche.

Mada ya kwanza ni Maesopsis eminii, mti wa kigeni ulioletwa Amani, katika Usambara Mashariki, mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya Wajerumani kuanzisha kituo chao cha utafiti hapo mwaka 1902. Uvunaji mkubwa wa magogo wa miaka ya 1970 na 1980 uliacha mapengo yaliyoingiza mwanga msituni, na ndege aina ya hondohondo, wanaopenda matunda ya mti huu, wakazidondosha mbegu humo, nao ukaenea. Kila tunapokwenda tunaambiwa tuukate wote umalizike. Jibu letu ni la tahadhari: kuukata wote kwa mkupuo kunaweza kufungua mapengo mapya, na mche wa mti huu hustawi vizuri zaidi penye pengo.

Mabadiliko ya namna hii hufuatiliwa katika maeneo ya kudumu ya sampuli, yaani sehemu za msitu ambazo miti yake hupimwa tena na tena. Kila mti hupigiliwa kibati chenye namba, kisha kipenyo chake hupimwa kwa tepu kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, mpimaji akisimama upande wa juu ikiwa ni mteremkoni. Miaka kadhaa baadaye hupimwa mti uleule, mahali palepale. Kibati kikibanduliwa, kumbukumbu za mti huo huweza kupotea zote. Kibati hicho si alama ya mpaka, si ahadi ya fidia, wala si ruhusa ya kukata; tumelisema hili mara nyingi, na bado kuna wanaoving'oa usiku.

Ieleweke pia kuwa mhadhara si dirisha la vibali. Anayetaka kuvuna kibiashara huanzia serikali ya kijiji. Maombi hupita Kamati ya Uvunaji ya Wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya. Hulipiwa, leseni hutolewa, magogo hugongwa nyundo ya kuyatia alama, kisha hutolewa hati ya kusafirishia mazao. Anayekiuka Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 anaweza kutozwa faini, kufungwa au kupewa adhabu zote mbili, na mahakama inaweza kuamuru mazao na chombo kilichoyabeba vitaifishwe.

Maswali yawasilishwe mapema kwa mtendaji wa kijiji ili mtaalamu aje na takwimu za msitu husika. Migogoro ya mipaka ya mashamba ipelekwe idara ya ardhi ya halmashauri, kwani mtoa mhadhara hana mamlaka ya kuitolea uamuzi.