Karoti si chakula cha sungura

Hapa Malindi, mtoto akiletewa sungura, kitu cha kwanza kununuliwa sokoni ni karoti. Baadaye sungura akisusa nyasi, watu husema, "Huyu anachagua." Hachagui, amezoeshwa utamu. Karoti ina sukari nyingi. Kwake ni kama halua. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba, mara mbili tatu kwa wiki, chatosha. Chakula chake hasa ni nyasi, mbichi au zilizokaushwa, mchana na usiku. Mwangalie akitafuna: taya lenda upande kwa upande, na meno yake, ambayo hayaachi kukua, yanasagika. Punguza karoti kidogo kidogo, nyasi zichanganye na kotimiri. Ila usimshindishe njaa ili ajifunze! Akipitisha muda wa saa 12 bila kula, mkimbize kwa daktari wa mifugo.