Kuchanganya zabibu si kuchakachua

Nimeulizwa tena: "Huu ni wa zabibu aina moja, au umechakachuliwa?" Safari hii muulizaji ameshika chupa ya Priorat, mvinyo wa Hispania, na hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoishia.

Tuelewane. Kuchakachua ni kutia mafuta ya taa kwenye dizeli. Ndani ya chupa ile mna zabibu za aina mbili, Garnacha na Cariñena, za milima ileile. Hispania ina maeneo mawili tu yenye daraja la juu kabisa la mvinyo, Rioja na Priorat, na yote mawili sifa yao imejengwa kwa mchanganyiko.

Historia ya Priorat nitaipitia mbio: Catalonia, chini ya safu ya Montsant, watawa wa monasteri ya Scala Dei tangu karne ya 12, filoksera (mdudu anayeua mizabibu) mwishoni mwa karne ya 19, watu wakahama. Mwaka 1989 René Barbier, Álvaro Palacios na wenzao watatu wakatengeneza mvinyo mmoja wa mchanganyiko, wakauuza kwa lebo tano. Basi.

Mimi kinachonishughulisha ni mteremko. Ardhi yake, llicorella, ni mwamba mweusi unaomeguka bapa bapa, mkavu juu, kwa hiyo mizizi huzama kwenye nyufa kutafuta maji na mzabibu huzaa kidogo. Garnacha kwenye jua lile hujaa sukari. Kilevi hufika asilimia 15 bila jasho, uchachu unashuka, na rangi haistahimili hewa. Cariñena huchelewa kuiva, ina uchachu, rangi nzito na tanini (ule ukakasi wa mvinyo) za kukunjisha uso. Kila moja ina pengo ambalo mwenzake analiziba. Halafu shamba la bondeni na la mwinuko wa mita 600 hayafanani hata ukipanda aina ileile, kwa hiyo hata huo mvinyo wenu "safi" mara nyingi ni mchanganyiko wa miteremko. Tena sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu chupa iliyoandikwa jina la zabibu moja iwe na hadi asilimia 15 ya nyingine. Nani sasa anayechakachua?

Eti mchanganyiko huficha mvinyo mbovu! Mimina pipa lililogeuka siki ndani ya tangi zuri uone. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Linalonisumbua ni ile "ladha ya mwamba" tunayowauzia wateja. Mzizi haunyonyi mwamba na kuupeleka kwenye glasi; wanajiolojia wamesema hadi wamechoka. Hata hivyo nikinusa Priorat napata jiwe lililonyeshewa. Huenda ni uchachu. Huenda ni kwamba nimeshasoma lebo kabla ya kunusa.

Na tafadhali, "joto la chumba" la kunywea mvinyo mwekundu, lile la vitabuni, ni la nyumba za Ulaya, si la Dar mwezi wa Februari. Iweke chupa kwenye friji dakika 20 kwanza, la sivyo kilevi kitakupanda puani halafu useme umechakachuliwa.