Je, wajua kwa nini wapangaji wa Brentham walijilipa kodi wenyewe?

Brentham ni mtaa wa bustani huko Ealing, magharibi mwa London: nyumba za matofali, ua wa mimea mbele ya kila mlango, barabara zilizopindapinda. Kwa miaka mingi niliamini, na nimewahi kumweleza mtu kwa kujiamini kabisa, kwamba mitaa ya namna hii ilijengwa na matajiri wenye huruma, kisha wafanyakazi wakauziwa nyumba kidogo kidogo kwa mkopo. Nilikosea mara mbili kwa pumzi moja.

Kosa la kwanza linasameheka. Tajiri wa sabuni, William Lever, alijenga kweli mtaa wa Port Sunlight kwa ajili ya wafanyakazi wake, ingawa hata huko waliishi kama wapangaji. Brentham ina asili nyingine. Mwaka 1901 mafundi ujenzi wachache walikutana katika baa ya Haven Arms wakaanzisha ushirika, Ealing Tenants. Kiongozi wao, Henry Vivian, alikuwa seremala. Baadaye akawa mbunge. Walianza na nyumba tisa, na kufikia 1915 zilikuwa zimepita 600. (Mtaa uliozaliwa baa haukujengewa baa hata moja.) Ramani ya barabara zile zilizopinda ilikuja mwaka 1907, mikononi mwa wasanifu majengo Raymond Unwin na Barry Parker.

Kosa la pili ndilo tamu. Hakuna aliyenunua nyumba. Nyumba zote zilikuwa mali ya ushirika, mwanachama akawa na hisa, na hisa ile haikuelekeza kwenye mlango wowote. Hakuweza kusema "hii yangu". Alichoweza kusema ni "nami nimo katika hizi zote", kisha mwisho wa wiki akalipa kodi ya pango kama mpangaji mwingine yeyote.

Chukulia watu ishirini wamechanga wakanunua basi. Kila anayepanda analipa nauli, hata kama jina lake limo katika kadi ya gari. Mwisho wa mwaka wanatoa mafuta, matairi, mshahara wa dereva na deni la benki. Kilichobaki hakigawanywi sawa kwa sawa. Aliyepanda sana anarudishiwa zaidi, kwa sababu nauli zake ndizo zilizoleta ziada. Sasa mmoja wao akichana kiti, fundi wa viti atalipwa kutoka ziada ileile. Amejichania mwenyewe.

Brentham ilikuwa basi hilo, ila limesimama. Waliowekeza kwenye hisa walilipwa gawio lisilozidi asilimia 5, na ziada iliyobaki iligawiwa wapangaji kulingana na kodi waliyolipa. Hawakupewa taslimu: iliongezwa kwenye hisa zao mpaka zifikie thamani ya nyumba waliyokaa. Hisa hizo zikawa pia dhamana, kwa hiyo mwanachama aliyekwama kodi alikuwa na akiba ya kumbeba kabla ya kufukuzwa.

Watetezi wa mpango huu walidai kwamba wapangaji wa aina hii hutunza nyumba na hawaachi zikae tupu. Mantiki ipo, lakini waliolisema hilo ndio waliokuwa wakitafuta wawekezaji, kwa hiyo nalisikiliza kwa sikio moja. Tena asiyekuwa na cha kuweka kwenye hisa hakuingia. Mtaa ulikuwa wa mafundi stadi na makarani zaidi kuliko wa mafukara.

Basi lilipasukia tairi kwenye mtaji. Kujenga haraka kulihitaji fedha za watu wasioishi pale, na fedha hizo zilipozidi za wakazi, usukani ukahama nazo. Mwaka 1936 nyumba zikauzwa kwa kampuni, na baadaye zikaanza kuuzwa mojamoja kwa watu binafsi. Maelezo yangu ya zamani, kwamba watu walinunua nyumba zao, yakawa kweli hatimaye, baada ya ushirika kutoweka.

Si kila basi la namna hii lilikwama. Falkenberg ya Berlin, mtaa wa bustani ambao msanifu majengo Bruno Taut aliupaka rangi kali mpaka wenyeji wakauita "kisanduku cha rangi", imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2008. Wakazi wake bado wanalipa kodi kwa ushirika.