"Casualty" si maiti

Darasa langu la jioni hapa Arusha lina waongoza watalii wengi na wachache wanaoota kazi ya ukalimani. Juzi tulisoma habari ya vita vya Somme, Ufaransa. Siku ya kwanza, Julai 1, 1916, jeshi la Uingereza lilipata "casualties" 57,470. Kijana mmoja akatafsiri haraka: "Walikufa watu 57,470." Dada aliyekaa nyuma yake akamkatiza: "Walijeruhiwa, siyo walikufa!" Wakabishana mpaka nikaweka chaki chini. Wote wawili walikuwa wamekosea.

Kijeshi, "casualty" ni askari yeyote ambaye kikosi chake hakiwezi tena kumtegemea: aliyeuawa, aliyejeruhiwa, aliyetekwa, hata asiyejulikana alipo. Siku ile waliokufa walikuwa 19,240. Kwa hiyo yule kijana aliwaua watu zaidi ya 38,000 kwa mdomo tu, na dada akawafufua hao 19,240. Kiswahili hakina neno moja la kubeba mzigo huo wote, na sioni haja ya kulibuni. Andika kwa kirefu: waliouawa, kujeruhiwa, kutekwa au kupotea. Magazeti nayo yana uvivu wake, mara nyingine huandika "casualties" yakimaanisha maiti tu. Soma sentensi inayofuata kabla hujafungua mdomo.

Kundi la pili linalowasumbua ni maneno ya kunyamazisha bunduki. "Ceasefire" ni amri ya kuacha kupiga. Inaweza kuvunjika kesho asubuhi. "Truce" iko karibu nayo, ila asili yake ni neno la kale la uaminifu, ndugu wa "true", kwa hiyo ndani yake mna ahadi. "Armistice" ni mkataba rasmi wa kusimamisha vita, lakini bado si amani. Ule wa Korea ulitiwa saini Julai 27, 1953, na mkataba wa amani haujapatikana mpaka leo.

Mfano mzuri tunao hapa mjini. Julai 1992, serikali ya Rwanda na waasi wa RPF walikubaliana Arusha kusitisha mapigano. Agosti 4, 1993, wakatia saini hapa hapa mkataba wa amani. Mji mmoja, hatua mbili, na Kiingereza kina jina tofauti kwa kila moja. Aprili 1994 mauaji yakaanza.

Hapo ndipo tunafika kwenye "genocide". Ni neno changa: mwanasheria Raphael Lemkin alilitoa mwaka 1944, akaunganisha neno la Kigiriki la kabila au ukoo na la Kilatini la kuua. Sisi tunasema mauaji ya kimbari, na mbari ni ukoo, kwa hiyo safari hii tafsiri imekaa vizuri kuliko kawaida. Ila idadi ya maiti peke yake haitoshi. Lazima kuwe na nia ya kuangamiza kundi la kitaifa, kikabila, kimbari au kidini, lote au sehemu yake. Nia hiyo ndiyo majaji wa mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda, iliyokuwa hapa Arusha, waliyoipima katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, wakatoa hukumu Septemba 2, 1998.

"Kwa hiyo, ticha, 'war crime' nayo ni hiyo hiyo?" kijana wa Somme akauliza. Hapana. Kwenye uhalifu wa kivita hakuna haja ya kundi wala nia ya kuliangamiza. Mateka mmoja aliyekwisha kusalimu amri akipigwa risasi, imetosha.